Mioyo Ikidunda Pamoja, Tupige Vigelegele?

Washereheshaji wa harusi hawachoki kutusimulia habari za mioyo miwili inayodunda kwa pamoja. Sikuwahi kulitilia shaka jambo hilo hadi nilipokutana na utafiti wa mwaka 1983 wa wanasaikolojia wa Marekani, Robert Levenson na John Gottman.

Levenson, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Indiana, alipima jozi 30 za wanandoa. Sharti lake ndilo lililoniteka: mume na mke wawe hawajaonana kwa angalau saa nane, ili wafike na habari mdomoni. Walikalishwa wakitazamana, nyaya mwilini. Mashine ikafuatilia mapigo ya moyo, muda ambao pigo linatumia kufika kidoleni, jasho la ngozi, hata kujisogezasogeza kitini. Kwanza dakika tano za kimya. Jamani, dakika tano za kutazamana na mkeo bila neno, mbele ya mashine! Kisha dakika 15 za habari za kutwa, kimya tena, halafu dakika 15 za lile jambo linalowagombanisha nyumbani. Baadaye kila mmoja alirudi peke yake kutazama video ya mazungumzo hayo, akizungusha kitufe kuonyesha alivyokuwa akijisikia.

Katika ugomvi, miili iliyofuatana zaidi ilikuwa ya wale wasio na raha na ndoa yao. Kufuatana huko kulieleza asilimia 60 ya tofauti za kuridhika kati ya jozi na jozi. Levenson aliona hapo watu walionaswa: hasira ya mmoja ikipanda, ya mwenzake nayo juu, wala hakuna anayeweza kurudi nyuma kidogo. Wanavutana kamba, na asiyeiachia hawezi kukaa.

Ningeishia hapo, ila yupo mtafiti Pavel Goldstein, aliyepata wazo la utafiti wake mke wake alipokuwa akijifungua naye amemshika mkono. Mwaka 2017, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Haifa walichapisha vipimo vya jozi 22. Mwanamke alipoumizwa kwa joto mkononi bila kuguswa na mwenzi wake, ulinganifu wa miili yao ulipungua. Aliposhikwa mkono, pumzi na mioyo ilirudi kufuatana, na maumivu yakapoa.

Nafuu inaletwa na mkono, au na huko kufuatana? Na wale wa Indiana, wangegombana wakiwa wameshikana mikono, mashine ingesoma nini?