Pua Mbele, Bunduki Nyuma

Siku ya kuwinda kwa mbwa huamuliwa na upepo kabla haijaamuliwa na bunduki. Anayetazama uwindaji kwa mbali huona mtutu, moshi na ndege anayeanguka. Haoni saa mbili au tatu ambazo mbwa amezitumia kutafuta mahali ndege alipojificha. Kazi hiyo ya pua ndiyo ninayotaka kuieleza, na nitaielezea nikiwa na ramani ya Nkanka mkononi, sekta ya wilaya ya Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda. Leo Nkanka haina uwindaji wa namna hiyo, na sababu zake nitazifikia. Lakini sijui nchi inayofundisha tabia ya harufu vizuri kuliko vilima vinavyoteremka hadi kwenye maji.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nkanka imekaa kwenye miteremko iliyo juu yake, si mbali na kisiwa cha Nkombo: migomba, kahawa, maharage, vichaka kwenye makorongo yasiyolimika. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Hewa baridi ni nzito, hivyo hutambaa kufuata makorongo ikishuka ziwani. Alfajiri, basi, upepo unatoka kilimani kwenda majini, na mwenye mbwa anapaswa kuanzia ufukweni na kupanda, ili kila harufu iliyoko mbele imjie mbwa usoni. Jua likishapata nguvu miteremko hupata joto, upepo hufa kwa muda, kisha hugeuka na kuanza kuvuma kutoka ziwani kupanda juu. Mchana inabidi uanzie kileleni ushuke.

Kati ya pepo hizo mbili kuna muda mbaya, mara nyingi mnamo saa tatu au saa nne asubuhi, hewa inapozunguka bila mwelekeo. Mbwa aliyekuwa akifanya kazi kwa uhakika huanza kurudia njia zake, anainua kichwa, anasimama, anamtazama bwana wake. Mgeni wa kazi hii humgombeza. Mzoefu humwita kivulini, akampa maji na kusubiri.

Tuingie ndani ya pua yenyewe. Binadamu ana vipokezi vya harufu milioni tano au sita. Mbwa, kutegemea aina yake, ana kati ya milioni 100 na 300. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini umbo la pua lina mchango wake pia. Mbwa anapotoa pumzi, hewa hupitia kwenye mipasuko iliyo pembeni mwa tundu za pua, kwa hiyo haiipulizi mbali harufu anayoichunguza. Badala yake huvuta hewa mpya iingie kwa mbele. Hunusa kwa pumzi fupifupi, mara tano hivi kwa sekunde. Ndani, hewa hugawanyika: sehemu moja huenda mapafuni, nyingine huingia kwenye chumba cha nyuma ambako harufu hupata nafasi ya kukaa na kusomwa.

Mbwa huisoma kwa njia mbili. Kuna harufu ya angani, inayotoka kwenye mwili wa mnyama aliye hai mahali fulani upande upepo unakotoka. Mbwa anayeifuata hubeba kichwa juu na kukata pori kwa mistari ya kwenda na kurudi, kushoto na kulia, mpaka aipate. Na kuna harufu ya ardhini: vijisehemu vya ngozi vilivyodondoka, majani yaliyopondwa, udongo uliofukuliwa na kwato. Mbwa anayeifuata hii huinamisha kichwa. Majaribio yameonesha kwamba hatua tano za mtu zinatosha kumjulisha mbwa mwenye mafunzo mtu huyo alikwenda upande gani, kwa sababu harufu ya unyayo wa tano ni mpya kidogo kuliko ya ule wa kwanza. Tofauti ya sekunde chache tu, na pua inaipima.

Joto ndilo adui. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na anapohema kwa mdomo wazi hanusi vizuri. Umande nao husaidia kuiweka harufu hai juu ya majani, na umande hukauka. Ndiyo maana katika nchi zetu siku ya kuwinda kwa mbwa ni asubuhi na jioni, na katikati kuna mapumziko marefu ambayo si uvivu.

Katika uwindaji wa ndege kwa bunduki ya marisau, kama ulivyokuzwa Uingereza na kuletwa Afrika Mashariki na walowezi, mbwa wamegawanywa kazi. Pointa hutafuta kwa upepo. Akimpata ndege husimama kama aliyegandishwa, mguu mmoja umeinuliwa, pua imeelekea pale pale. Spanieli huingia kichakani na kumfurusha. Retriva hukaa karibu na mpigaji bila kutikisika, akihesabu kwa macho mahali ndege anapoangukia, kisha hutumwa kumleta kwa mdomo laini usiotoboa nyama. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama wakubwa mwaka 1977, uwindaji wa ndege kwa vibali uliendelea kuruhusiwa, na mbwa hawa walibaki na kazi mashambani.

Ndege wetu hata hivyo hawakusoma vitabu vya Uingereza. Kwale na kanga hawapendi kuruka; wakisikia kishindo hukimbia kwa miguu, na kanga anaweza kukimbia mbali kabla hajafikiria mabawa yake. Pointa aliyefunzwa kwa ndege wanaotulia hubaki amesimama mbele ya nyasi tupu, akiwa mkweli kabisa, kwa maana ndege alikuwapo. Katika mbuga zetu spanieli mwenye nguvu, anayefanya kazi ndani ya hatua thelathini au arobaini za bunduki, ana faida zaidi. Akienda mbali kuliko hapo anamfurusha ndege asiyeweza kufikiwa na marisau, au mbaya zaidi, anayefikiwa nusu nusu.

Hapo nina msimamo mkali. Anayepiga ndege bila mbwa wa kuokota hana ruhusa ya kujiita mwindaji. Marisau husambaa, kila mpigaji, hodari au la, hujeruhi. Kanga aliyevunjika bawa hujichimbia kwenye nyasi na jicho la mtu halimwoni tena. Mbwa humkuta kwa dakika chache na mateso yakaisha. Bila mbwa, ndege huyo hufa polepole au huliwa akiwa hai na siafu.

Bonde la Kongo lilikuwa na mtindo wake, wa zamani kuliko bunduki. Mbwa wa msitu wa huko ni mdogo, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, na habweki. Wazungu walimpa jina la basenji, na mwaka 1937 walimwonesha katika maonesho ya mbwa ya Crufts mjini London. Koo lake humruhusu kutoa sauti ya kuimba na kulia, si mlio wa wau wau. Kwa mwindaji wa msituni ukimya huo una faida, kwa kuwa mnyama hasikii mbwa akija, na una tatizo, kwa kuwa mwindaji naye hamsikii. Dawa yake ni kengele ya mti shingoni. Njiani kwenda porini hujazwa majani ili isilie. Wakifika, majani huchomolewa, na kuanzia hapo kila mtu anajua mbwa alipo kwa sikio. Mlio wa haraka maana yake anakimbiza. Mlio ukikoma ghafla, amemzingira mnyama au amepatwa na jambo. Wambuti wa Ituri huwaelekeza wanyama kwenye nyavu zilizotandazwa kwa nusu duara, wenye mikuki wakiwa nyuma yake. Mbwa wenye kengele walitumika pia katika uwindaji wa Rwanda, na jamii za Watwa zilisifika kwa ujuzi huo pande zote mbili za Kivu.

Kwa nini Nkanka ya leo haina hayo? Kwanza ni watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Wanyarwanda zaidi ya milioni 13, zaidi ya 500 kwa kila kilomita ya mraba. Risasi za marisau hazina mahali salama pa kuangukia kwenye mteremko ambao kila shamba lina mtu anayepalilia. Pili ni sheria: kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa la jinai, na bunduki si kitu cha raia kukaa nacho nyumbani. Tatu ni mbwa wenyewe. Wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi mwaka 1994, na baada yake, mbwa wengi walipigwa risasi kwa sababu walikuwa wakila maiti zilizoachwa bila kuzikwa. Aliyeyaona hayo hawezi kumtazama mbwa kwa macho ya zamani, na kwa miaka mingi mbwa walikuwa wachache sana nchini.

Nne ni wanyama. Mashariki ya wilaya uko msitu wa Nyungwe, kilomita za mraba zaidi ya 1,000, hifadhi ya msitu tangu 1933, hifadhi ya taifa tangu 2005 na urithi wa dunia tangu 2023. Nyati wake wa mwisho aliuawa mwaka 1974. Tembo walitoweka kabla karne haijaisha. Waliobaki ni wadogo na wasikivu: funo, nguruwe pori, panya buku, na jamii 13 za nyani, kima na ndugu zao, sokwe wakiwamo. Uwindaji uliobaki humo ni wa haramu, na chombo chake kikuu ni mtego wa waya, usiochagua kati ya funo na mkono wa sokwe mchanga.

Je, mbwa huchagua? Mbwa wa pointa aliye chini ya filimbi ya mwongozaji wake, ndiyo, kwa kiasi. Kundi lililoachiwa kichakani halichagui. Unguja inatupa somo hilo. Wasasi wa kule huwinda nguruwe kwa makundi ya mbwa, na mkulima aliyepoteza shamba la muhogo kwa usiku mmoja anawahitaji kweli. Lakini mbwa wale wale wakikutana na paa nunga, mnyama adimu anayeishi kwenye misitu michache ya pwani, humkimbiza vilevile, na uwindaji wa mbwa ni miongoni mwa mambo yaliyompunguza sana. Mbwa hana kosa. Kosa ni la aliyemwachia bila kumfunza kuacha.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji meno. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliotokana na mbwa wa vijiji vya jirani, uliwaua simba wa Serengeti karibu theluthi moja. Kichaa cha mbwa nacho hupita kati ya mbwa, mbweha na watu. Mbwa anayeingia msituni bila chanjo anabeba vyote viwili.

Sasa tazama pua ile ile ikiwa upande wa pili. Tangu 2011 Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ina mbwa aina ya bladihaundi wanaofuatilia majangili. Akagera, mashariki mwa Rwanda, ina kikosi cha mbwa wa doria tangu miaka ya 2010, katika hifadhi iliyorudishiwa simba mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017. Kazi huanzia kwenye kitu kilichoachwa, tuseme mtego. Askari haugusi kwa mkono. Anaukandamizia kitambaa safi cha bendeji, anasubiri kidogo, anakitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga. Mbwa huvishwa mkanda wa kifuani, na mkanda huo pekee humwambia kwamba kazi imeanza. Anaoneshwa mfuko, ananusa, anazunguka mahali pale mpaka aipate njia iliyo na harufu ile na si ya askari waliosimama. Kisha anainamisha kichwa na kuvuta kamba. Mwongozaji nyuma yake husoma kamba: ikilegea, harufu imepotea, ikikaza ghafla, imerudi. Ni ujuzi wa mwindaji, hatua kwa hatua, na upepo wa asubuhi unatiiwa vilevile.

Nyungwe inastahili kikosi kama hicho, na ningependa waongozaji wake watoke vijiji vya pembezoni kama Bweyeye, miongoni mwa watu ambao wazee wao walijua kusoma kengele ya mbwa. Tangu 2017 asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa jamii jirani, na upo mfuko wa serikali unaolipa fidia ya mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori. Ajira ya mwongozaji wa mbwa ingekaa vizuri kati ya hayo mawili. Kwa mwenye mbwa wa kawaida kule Nkanka anayemtumia kulinda mahindi, mambo ni mepesi zaidi: chanjo ya kichaa kila mwaka, kamba usiku, na amri moja, ya kurudi, aliyofunzwa mpaka aitii hata nguruwe akiwa mbele yake. Anza kumfundisha akiwa na miezi miwili au mitatu, kabla ya chakula, kwa neno lile lile na watu wa nyumba nzima walitumie.