KAMERA NDANI YA LORI: MLINZI AU MPELELEZI?

Kila siku, kabla jua halijachomoza, malori hutoka katika viwanda vya Thika yakiwa yamebeba mananasi ya makopo, mafuta ya kupikia, unga na bidhaa nyingine. Mengine huelekea Garissa, mengine Nairobi, na mengine hushika safari ndefu ya Mombasa. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012, ni pana na laini, na dereva aweza kwenda mwendo mrefu pasipo kusumbuka. Lakini wepesi huo una hatari yake, kwa maana njia iliyonyooka humbembeleza mtu aliyechoka kama mama abembelezavyo mtoto.

Siku hizi wako wenye malori waliotia kamera ndani ya chumba cha dereva ili kumtazama kama amesinzia. Jambo hilo limezusha maneno mengi. Wako madereva wanaolikubali, na wako wanaolichukia kabisa. Yafaa basi kila mtu afahamu jinsi kamera hiyo inavyofanya kazi, faida yake ni nini, na mipaka yake ni ipi.

KAMERA YAONAJE USINGIZI?

Mara nyingi chombo hicho kina macho mawili. Moja hutazama njia iliyo mbele, na la pili humtazama dereva usoni. Jicho hili la pili hutumia mwanga usioonekana na binadamu, na kwa hiyo laweza kuona gizani. Kazi yake kubwa ni kupima kope. Mtu aliye macho hufumba na kufumbua upesi. Bali mtu anayezidiwa na usingizi, kope zake hushuka polepole na kukawia kufunguka. Kipimo hicho cha kope kilitengenezwa na wataalamu wa Marekani, nacho kilianza kujulikana katika miaka ya 1990.

Kadhalika chombo hutazama kama kichwa kinainama, au kama uso umegeukia simu. Kikiona dalili hizo hupiga kengele, au hutikisa kiti. Katika aina nyingine, picha fupi hupelekwa papo hapo mpaka ofisini kwa tajiri. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

SEKUNDE NNE TU

Kwanza tufahamu kwa nini jambo hili si la mzaha. Lori liendalo kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kabisa walioruhusiwa malori makubwa katika Kenya, hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde nne tu, lori limekwisha kwenda karibu mita 90 bila mtu wa kuliongoza. Huo ni kama urefu wa uwanja wa mpira. Tena mtu asinziaye namna hiyo mara nyingi hajui hata kidogo kwamba amesinzia.

Wataalamu wamepima wakaona ya kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mtu mwenye miligramu 50 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Katika nchi nyingi kiasi hicho chatosha kumfikisha dereva mahakamani. Basi dereva aliyeamka Thika saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa nne usiku angali anashika usukani, yu katika hali ya mlevi, ijapokuwa hakuonja hata tone moja. Saa zilizo mbaya zaidi ni kuanzia saa nane usiku mpaka mapambazuko, na tena kuanzia saa nane mpaka saa kumi mchana, kwa kuwa ndipo mwili wenyewe hudai kupumzika.

MADEREVA WASEMAVYO

Madereva wanaoikubali kamera wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kengele yaweza kumwamsha mtu na kumwokoa. Ya pili ni ushahidi. Gari dogo likikatiza ghafula mbele ya lori, mara nyingi watu humlaumu mwenye lori kwa sababu lake ndilo kubwa. Picha ya njia huonyesha kweli ilivyokuwa.

Wanaoikataa nao wana hoja zao, wala si za kupuuzwa. Husema ya kwamba chumba cha lori ndiyo nyumba ya dereva: humo hula, hulala, na akiisha kuegesha huzungumza na jamaa zake kwa simu. Nani apendaye kutazamwa nyumbani mwake? Husema pia ya kwamba chombo hukosea. Dereva akivaa miwani ya jua, au akitazama kioo cha kando kama impasavyo, chaweza kudhani kwamba amezubaa. Kengele iliayo bure huzoeleka, na mwisho mtu haisikii. Tena wanaogopa picha zisije zikatafutiwa makosa madogo madogo ya kuwakata mshahara.

Maoni hayo si ya Afrika ya Mashariki tu. Huko Marekani, mwaka wa 2023, taasisi ya uchunguzi wa usafirishaji iliwauliza madereva zaidi ya 2,000 waipe maksi kamera iwatazamayo, kuanzia 0 mpaka 10. Wastani wake haukufika 3.

SHERIA YASEMAJE?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaongeza kwamba mtu ana haki ya kuambiwa habari zake zitatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Kwa hiyo haifai kamera itiwe kwa siri. Dereva na aulize: Picha zangu huwekwa wapi? Nani huziona? Hufutwa lini?

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024 kila gari jipya, dogo kwa kubwa, ni lazima liwe na chombo cha kumwonya dereva anayesinzia. Lakini sheria hiyo hiyo yakataza chombo kisiweke kumbukumbu zaidi ya zile zinazohitajiwa kwa kazi yake, wala kisiwape watu wengine. Hii yaonyesha ya kwamba yawezekana kumwamsha dereva pasipo kumpeleleza.

KAMERA HAIMPI MTU USINGIZI

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo kamera iliyo bora kabisa haiwezi kulitengeneza. Sheria ya Trafiki ya Kenya hukataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Sasa na tupige hesabu. Kutoka Thika mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 500. Lori lenye mzigo, pamoja na milima na msongamano, likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa litatumia zaidi ya saa 10. Maana yake, dereva mmoja hawezi kuimaliza safari hiyo kwa siku moja bila kuvunja sheria. Hana budi kulala njiani, mathalan Mtito Andei au Voi, au wawe madereva wawili wanaopokezana.

Basi ikiwa tajiri ataka mzigo ufike leo hii, au ikiwa humlipa dereva kwa hesabu ya safari na si ya siku, picha ya kope zinazoshuka haimshitaki dereva peke yake. Yamshitaki na yule aliyepanga safari. Mwenye gari aliye na busara, akiona kengele zimelia mara nyingi usiku mmoja, hatamwita dereva ili amkaripie tu. Ataitazama upya ratiba yake.

Kwa upande wake, dereva asijidanganye. Kufungua dirisha au kupandisha sauti ya redio husaidia kwa dakika chache tu. Miraa huficha uchovu, haiuondoi, na nguvu zake zikiisha usingizi hurudi kwa kishindo. Kahawa, ambayo hulimwa papo hapo Ruiru na Thika, yaweza kufaa kwa muda, lakini hukawia karibu nusu saa kabla ya kufanya kazi. Iliyo njema ni kuegesha mahali pa salama, kunywa kikombe kimoja, kisha kulala dakika 15 au 20. Na uchovu ukiwa mwingi, dawa ya usingizi ni usingizi wenyewe.

Mzigo uliochelewa utafika kesho. Dereva aliyelala usukanini huenda asifike kabisa, wala wale aliokutana nao njiani. Tahadhari kabla ya hatari.