Kirikuu inapanda na kushuka ikiwa sailensi? Kagua mipira ya hewa kabla ya kugusa skrubu

Wadau, leo tuache kwanza mambo ya picha na matangazo ya kulipia. Tuongelee kigari kinachobeba mzigo. Wengi wetu tunaouza WhatsApp na Instagram tumenunua kirikuu za zamani, zile za kabureta, kwa sababu bodaboda haibebi matenga kumi. Mimi niko Mafiga, nauza mboga za Mgeta: karoti, kabichi, njegere. Oda nafunga usiku, alfajiri napanda mlimani, mchana nagawa mjini na ya Dar naipeleka Msamvu. Basi halinisubiri, na mteja aliyeshalipa hataki stori za injini.

Dalili yenyewe iko hivi. Gari imesimama, hujakanyaga mafuta, mlio unapanda, unashuka, unapanda tena, mara inataka kuzima. Ukitembea, iko freshi kabisa. Hapo fundi mwenye haraka anachomoa bisibisi na kukuongezea sailensi. Kelele inatulia, unalipa, unaondoka. Kwangu mimi huko ni kuficha ugonjwa: petroli inaliwa zaidi kila unaposimama, na tatizo liko palepale.

Kabureta inapima hewa na petroli. Mpira ukipasuka upande wa injini, hewa inaingia kwa mlango wa wizi bila kupimwa, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi kiasi kwamba ile ya wizi haionekani. Ndo maana barabarani gari inakudanganya.

Kuitafuta ni kazi ya dakika chache. Injini ikiwa inanguruma, sikiliza mlio wa "ssss" kuzunguka manifoldi. Kisha bana mipira midogo mmoja mmoja kwa koleo, taratibu usiikate. Ukibana mmoja na mlio ukatulia, umempata mwizi. Kwenye maungio ya manifoldi puliza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia. Mlio ukibadilika, gasketi inavuja. Maji yasiguse nyaya za plagi wala distributa. Wengine wanapuliza dawa ya kusafishia kabureta, lakini hiyo inawaka moto, na injini ni ya moto. Mimi siitumii.

Kuna mpira mmoja mnene nataka uuangalie kuliko yote: unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye busta ya breki. Ukivuja, sailensi inacheza NA breki inakuwa ngumu. Waliowahi kushuka kutoka Nyandira na mzigo wa kabichi wanajua kwa nini nasema hivi. Jipime: zima injini, kanyaga breki mara tano mpaka pedali iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedali inatakiwa izame kidogo. Isipozama, usipande mlima siku hiyo. Oda ihairishwe, mteja apigiwe simu.

Sasa kama haipandi wala kushuka, ila inatetemeka muda wote mpaka vioo vinacheza, hiyo ni misi. Silinda moja haichomi. Fundi achomoe waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira, maana umeme wake unapiga kweli. Akichomoa mmoja na mlio usibadilike, hiyo ndiyo silinda iliyolala. Abadilishane plagi na ya jirani: ugonjwa ukihama, ni plagi, ukibaki, aangalie waya, halafu kompresheni.

Sisi wa milimani tuna letu pia. Ukipanda mita 1,000, hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 10, lakini kabureta haijui. Petroli inazidi, plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi. Kwa hiyo usikubali kutuniwa kabureta ukiwa Mgeta halafu ushuke nayo mjini, itakosa petroli. Itune pale gari inaposhinda muda mwingi. Na petroli ya chupa za barabarani nunua ukikwama tu. Maji kidogo kwenye tanki yanatosha kukuletea vurugu hiyohiyo.

Wenye EFI, skrubu msiiguse kabisa. Fundi asafishe kwanza masizi kwenye throto na ile valvu ya sailensi, ndipo afikirie kununua spea.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa mtandaoni. Tatizo mara nyingi linatokea injini ikiwa ya baridi, na ukifika gereji limepotea. Si unapiga video za bidhaa kila siku? Piga na hii: asubuhi, kabla hujaondoka, sekunde 30, sauti na geji vionekane. Mtumie fundi kabla hujafika, ajue spana gani za kuandaa.