Fondasyo ya familia: mwenye kuianzisha akienda, mutoto anabaki na nani?

Mu Lubumbashi, muzazi akisikia kwamba fondasyo fulani inalipia watoto masomo, ulizo ya kwanza ni hii: wanaandikisha majina wapi? Ni ulizo ya haki, sababu masomo ni mzigo mukubwa. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini sekondari ingali inalipwa, na nguo, madaftari na mwendo wa kila siku viko juu ya muzazi.

Kuko ulizo ingine ambayo watu wachache wanauliza: ile feza inatoka wapi? Na mwenye kuitoa akifa, ao biashara yake ikianguka, nani atamalizia mutoto masomo? Anayeingia darasa la kwanza leo iko na miaka 12 mbele yake mpaka diploma ya serikali. Mu miaka 12 mambo mengi yanaweza kugeuka. Tujaribu kueleza namna mifuko hii ya familia inatumika, ili muzazi ajue anaweka mutoto wake mu mikono gani.

Katanga inaijua hii hadisi

Wazee wetu walishaona jambo hili. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mutu aliyepata kazi kule alipata pia nyumba, posho, hospitali kwa bibi yake na shule kwa watoto wake. Mwaka 1967 serikali iliichukua, na kisha ikaitwa Gécamines. Mwendo ulibaki ule ule. Watu walikuwa wanasema: Gécamines njo baba, njo mama.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa tone zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, pale Kolwezi, ulibomoka. Haikupita miaka mingi, shaba ikashuka chini sana, watumikaji wakakaa miezi na miezi bila mushahara, na shule na hospitali za kampani zikaregea pamoja nayo. Mwaka 2003, watumikaji karibu 10,000 walitoka mu ile mupango iliyoitwa “départs volontaires”.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université de Lubumbashi aliandika kitabu juu ya maisha ya familia hizi, kikatoka mwaka 2001. Kichwa chake cha Kifaransa ni “Bana Shaba abandonnés par leur père”: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Yule baba njo kampani.

Fondasyo ya familia ni ndogo kuliko Gécamines, na haikuajiri muzazi. Lakini ulizo ni ile ile. Kama masomo ya mutoto yanategemea mukono moja, ule mukono ukichoka itakuwa namna gani?

Sheria inasema nini

Jina “fondasyo” juu ya kibao cha mulango halikuambii bado ni kitu gani kiko ndani. Mu inchi yetu, sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2001 inatoa njia mbili kwa familia inayotaka kusaidia watoto.

Njia ya kwanza ni asbl, chama ambacho hakitafute faida. Inaomba wanamemba wasiopungua 7, statuts zilizoandikwa, na mukutano mukubwa wa wanamemba. Familia inaweza kuwa ndani, hata kuongoza, lakini lazima ikae na wengine na itoe hesabu mbele yao.

Njia ya pili inaitwa kwa Kifaransa établissement d'utilité publique. Hapa mutu anatenga mali yake, inaweza kuwa nyumba, shamba ao feza, na kusema: hii ni ya kazi ya kusaidia. Kwa njia zote mbili, karatasi zinapita kwa Ministeri ya Sheria, na ministeri inayohusika na ile kazi, kama vile ya elimu, inatoa mawazo yake.

Juu ya nini muzazi ajali mambo ya karatasi? Sababu fondasyo iliyopata haki yake mbele ya sheria ni kama mutu anayesimama peke yake. Mali iliyoingia ndani yake haiko tena mali ya nyumbani. Siku mwanzilishi anakufa, ndugu hawawezi kukaa chini na kugawanya majengo ya shule kama wanavyogawanya shamba la babu. Pale hakuna karatasi, kuko tu roho nzuri ya mutu moja, na roho nzuri hairithiwi kila mara.

Mifano mitatu

Mu muji wetu, jina la Forrest linajulikana. Malta Forrest alianzisha kampani yake Katanga mwaka 1922. Mwana wake, George Arthur Forrest, alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1940 na akaendesha kazi ya baba. Familia ile iko na Fondation Rachel Forrest, inayosaidia upande wa elimu, afya na utamaduni. Nguvu ya namna hii ya mufuko inaonekana: familia na biashara zake ziko hapa, na jina lao liko mulangoni. Jina ni dhamana, sababu hakuna familia inayopenda jina lake lichafuke mu muji ambamo inaishi. Uzaifu wake pia uko wazi: kisima ni kimoja, ni biashara ya familia.

Mufano wa pili uko Kalebuka, pembeni ya Lubumbashi. Noella Coursaris Musunka alizaliwa mu muji huu. Baba yake alikufa wakati yeye alikuwa na miaka 5, na mama, ambaye hakuwa na njia ya kumulea, akamutuma kwa ndugu kule Ulaya. Mwaka 2007 alianzisha Malaika, na mwaka 2011 shule ya wasichana ikafunguliwa Kalebuka. Leo wasichana zaidi ya 400 wanasoma kule bila wazazi kulipa. Pembeni yake kuko kituo cha jamii kilichojengwa pamoja na FIFA, ambamo vijana na wakubwa wanajifunza kusoma, kazi za mikono na michezo, na visima vya maji vilichimbwa kwa ajili ya wakaaji. Kazi hii ilizaliwa mu maumivu ya familia moja, lakini feza yake inatoka kwa wasaidizi wengi, wa hapa na wa inchi zingine. Moja akiondoka, wengine wanabaki. Lakini lazima kutafuta kila mwaka, bila kupumuzika.

Mufano wa tatu uko kwa majirani, Uganda. Muljibhai Madhvani alitoka India akiwa kijana na akajenga kiwanda cha sukari pale Kakira, karibu na Jinja. Alikufa mwaka 1958. Watoto wake walianzisha mufuko wa jina lake mwaka 1962. Miaka 10 kisha, Idi Amin akafukuza Waasia, na mali zao zikachukuliwa. Familia ilirudi mu miaka ya 1980, ikasimamisha tena kiwanda, na leo ule mufuko unalipia wanafunzi wa Uganda burse za université, zaidi upande wa sayansi na ufundi. Hii inatufunza mambo mawili. Mufuko unaotegemea kiwanda kimoja unaanguka nacho. Lakini pale watoto na wajukuu wanachukua ile kazi kuwa yao, inaweza kusimama tena hata kisha zoruba.

Zawadi ni zawadi, deni ni deni

Kwa sisi wa inchi ya migodi, kuko jambo moja ambalo watu wanachanganya. Kodi ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inalazimisha kila kampani inayochimba kutoa angalau 0.3 % ya feza yote inayoingia mu mauzo yake, kwa ajili ya maendeleo ya vijiji na makartie yanayoguswa na mugodi. Ile ni deni, na wakaaji wako na haki ya kuwa na wajumbe pale inapangwa.

Fondasyo ya mwenye kampani ni kitu kingine. Ni zawadi. Kama mugodi unakuonyesha darasa lililojengwa na fondasyo, sema asante, kisha uliza: na ile 0.3 % iko wapi? Zawadi hailipe deni.

Maulizo matano kwa muzazi

Mbele ya kuandikisha mutoto, uliza kwa heshima, na uombe jibu la wazi:

1. Fondasyo iko na karatasi za Ministeri ya Sheria?
2. Feza inatoka kwa mutu moja, kampani moja, ao wasaidizi wengi?
3. Mbali na familia, nani wengine wako mu komite?
4. Munachukua mutoto mpaka wapi: mwisho wa msingi, ao mpaka diploma?
5. Kama feza inapunguka, munasimamisha kwanza kupokea wapya, ao munatosha walio ndani?

Ulizo ya tano njo inapima zaidi. Fondasyo inayofikiri mbali inakubali kuchukua watoto 20 na kuwafikisha mwisho, kuliko kuchukua 100 na kuwaacha njiani mu mwaka wa tatu. Mutoto aliyeachwa katikati anarudi nyumbani na nguo ya shule iliyoanza kumubana, na mama yake anaanza tena kutafuta.

Wenye fondasyo nao wanajua hili. Anayetaka jina la baba yake lidumu, azoeze watoto wake mapema kukaa mu mikutano, kusoma hesabu na kutembelea madarasa. Na afungulie mulango watu wa kartie, wakae naye mezani. Siku yeye hayuko tena, wale njo watakumbusha familia ahadi aliyoitoa.