Safari ya Pwani Pamoja na Mbwa

Anayesafiri kwa gari na mbwa wake kutoka Mombasa hadi Pangani, kupitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, hana budi kupanga vituo vyake mapema. Kituo cha kwanza ni kwa daktari wa mifugo. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa wiki kadhaa kabla ya safari, kwa kuwa kinga haijengeki kwa siku moja, na apewe cheti cha afya. Kibali cha kumwingiza nchi ya pili nacho kiombwe kabla ya kuondoka. Asiye nacho aweza kurudishwa mpakani.

Njiani, iwe Ukunda, Msambweni au Tanga, pumzikeni kivulini, mbwa apewe maji, wala asiachwe ndani ya gari lililofungwa, maana joto laweza kumuua. Asishuke bila kamba: watoto wa vijijini hawamjui.

Akimng’ata mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, majeruhi apelekwe hospitali bila kukawia, na polisi waarifiwe. Mwenye mbwa asiondoke. Dalili za kichaa zikishajitokeza, kifo hakizuiliki. Chanjo ya mapema huokoa.