Nani Agharamie Uangalizi Maalumu Butere?

Ulemavu wa ukuaji ni jina la jumla la hali zinazoanza mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya utotoni, zikaathiri jinsi ubongo unavyokomaa na kumfuata mtu maisha yake yote. Miongoni mwazo ni mtindio wa ubongo, unaodhoofisha uwezo wa kutawala misuli, usonji, ulemavu wa akili, na hali ya Down, ambayo hutokana na kromosomu moja ya ziada. Mijadala mingi huzitaja hali hizi kana kwamba ni za watoto tu, ilhali watoto hao hukua, na wengine huanza kuzeeka mapema kuliko wenzao, kwa kuwa mwenye hali ya Down anaweza kupatwa na maradhi ya kusahau akiwa na umri wa miaka 50 au hata chini ya hapo.

Katika nchi zenye makao mengi ya uangalizi, baadhi ya watu kama hao wakizeeka huishia humo. Nchini Kenya makao ya namna hiyo ni machache, na yanayofahamika zaidi, kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki, au Mji wa Huruma wa serikali ya Kaunti ya Nairobi, yako mbali na Butere, katika Kaunti ya Kakamega, na yalianzishwa kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza. Kwa hiyo makao ya uangalizi ya Butere ni boma lenyewe, na mhudumu wake kwa kawaida ni mama mzazi ambaye naye anazeeka. Anapofika miaka 70 anaweza kuandikishwa kupokea fedha za wazee, huku akiendelea kumnyanyua, kumwogesha na kumlisha mwanawe aliyetimiza miaka 40, na siku atakaposhindwa, mzigo huo humwangukia dada au mke wa kaka ambaye hakuwahi kufundishwa kazi hiyo.

Kazi hiyo inahitaji mafunzo, na ndiyo maana huitwa uangalizi maalumu. Mtu mwenye mtindio mkali wa ubongo akilishwa uji wa wimbi akiwa amelala chali, uji huo huweza kupenya kwenye njia ya hewa na kumletea nimonia, ambayo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa hali yake. Mtaalamu wa usemi na umezaji humwelekeza mlezi amketishe wima, amwinamishe kidevu kidogo, achague uzito wa uji unaomfaa, atumie kijiko kidogo, na asimpe kijiko cha pili kabla ya kuhakikisha kwamba uji wa kwanza umemezwa. Mtaalamu wa viungo naye huonyesha namna ya kunyoosha misuli isikakamae na kumgeuza asipate vidonda vya kulala, na aliye na kifafa pia, jambo la kawaida katika hali hizi, huhitaji dawa kila siku bila kukosa. Hakuna mashine ya bei kali katika hayo yote. Gharama kubwa ni muda wa mtu anayeijua kazi.

Muda huo ndio usio na mlipaji. Mfuko wa kwanza wa umma unaomfikia mlezi ni mpango wa fedha kwa watu wenye ulemavu mkali, ulioanza mwaka 2011 na ambao sasa ni sehemu ya programu ya serikali ya Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiwango ambacho kimebaki palepale kwa zaidi ya mwongo mmoja huku bei za unga na sabuni zikipanda. Mlezi anayefanya kazi kwa saa 8 kila siku, na wengi hupita hapo, hupata takriban shilingi 8 kwa saa, kabla hajanunua chochote. Mfuko wa pili ni wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya taifa, NHIF, mwezi Oktoba 2024. Huo hulipa vituo vya afya kwa matibabu, wala haumlipi anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku. Mfuko wa tatu ni wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambao husaidia kununua vifaa saidizi kama viti vya magurudumu, lakini kiti hakimfundishi mlezi namna ya kumketisha mtu humo. Fedha za Inua Jamii zilikusudiwa kupunguza umaskini, na ni haki kuzitetea kwa lengo hilo. Kosa ni kuzihesabu kana kwamba tayari ni malipo ya uangalizi.

Marekani ilikabiliana na tatizo hili kwa njia inayofaa kuchunguzwa. Sheria ya mwaka 1987 iliamuru kwamba kabla ya mtu mwenye ulemavu wa ukuaji kupokewa katika makao ya uangalizi yanayolipwa na Medicaid, yaani bima ya umma ya watu wa kipato cha chini, apimwe mambo mawili: kama kweli anahitaji makao, na kama anahitaji huduma maalumu zaidi ya kitanda, chakula na uuguzi wa kawaida. Ikithibitika kwamba anazihitaji, jimbo hulazimika kuzitoa, na hapo ndipo uzito wa sheria hiyo ulipo, kwa kuwa iliitenganisha huduma maalumu na malipo ya kila siku ya makao, isiweze kumezwa humo. Utekelezaji ulisuasua, hata baadhi ya majimbo yakashtakiwa, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua katika kesi ya Olmstead kwamba kumweka mtu mwenye ulemavu katika taasisi bila sababu ya msingi ni ubaguzi. Kenya nayo imefungwa na kanuni hiyo tangu mwaka 2008, ilipoidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 19 kinatambua haki ya kuishi katika jamii na kupata msaada huko huko.

Butere basi haina haja ya kusubiri majengo. Inachoweza kuazima ni upimaji wa mahitaji ya kila mtu na fungu la fedha lenye jina lake. Kaunti ya Kakamega ina uzoefu wa fungu la namna hiyo: mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ulioanzishwa mwaka 2013 chini ya gavana Wycliffe Oparanya, aliyekuwa mbunge wa Butere, uliwapa akina mama maskini shilingi 12,000 kwa awamu 6 kadiri walivyohudhuria kliniki, kujifungulia kituoni na kuwachanja watoto. Mpango huo una uhusiano wa karibu na mada hii, maana mtoto anayekosa hewa wakati wa kuzaliwa yumo hatarini kupata mtindio wa ubongo, na mama anayezalishwa na mkunga stadi humpunguzia mwanawe hatari hiyo. Kaunti iliyoweza kulipia kuzaliwa salama haikosi njia ya kulipia uangalizi wa waliozaliwa katika matatizo.

Watu wa kuanzia wapo. Wahudumu wa afya ya jamii huzitembelea kaya kila mwezi na kulipwa posho ya shilingi 5,000, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Wakifundishwa kutambua anayepaliwa, anayepata vidonda au aliyekosa dawa za kifafa, wanaweza kumwita mtaalamu mapema, mradi mtaalamu huyo awe ameajiriwa na awe na nauli ya kufika maeneo kama Marama au Shianda. Mishahara ya wataalamu watatu au wanne wanaozunguka vijijini, pamoja na siku chache za mapumziko kwa mlezi kila mwezi, zikishikwa na mtu aliyefunzwa na kulipwa, ni gharama ndogo ikilinganishwa na ujenzi na uendeshaji wa makao.

Fungu hilo la uangalizi haliwezi kupatikana lisipoandikwa mapema. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti uwasilishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, huku wananchi wakiitwa kutoa maoni. Mlezi, anayeijua gharama hii kuliko wote, hawezi kuacha boma asubuhi nzima kwenda kukaa katika mkutano wa kutoa maoni. Kaunti inapaswa kuyafuata maoni yake nyumbani, kwa maandishi, kupitia wahudumu hao hao wanaobisha hodi kila mwezi, na kuyaingiza katika kumbukumbu za kikao kwa uzito ule ule wa maneno yaliyosemwa ukumbini.