Aina za Adhabu katika Sharia na Makusudio Yake: Muhali Si Msamaha

  

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara ni hili: mtoto amedhalilishwa na mtu wa karibu, wazee wa pande mbili wamekaa kikao, pesa zimetolewa, na familia inaambiwa iyamalize nyumbani kwa sababu kusameheana ni katika dini. Je, suluhu hiyo inakubalika? Wengine wanauliza: mahakama zetu za jinai hazihukumu kwa sharia ya Kiislamu, basi ina faida gani kumpeleka mhalifu huko? Na wapo wanaoona kuwa mwizi akikamatwa mtaani, kipigo cha pale pale ndiyo haki yenyewe.

Maswali haya matatu yana mzizi mmoja. Hatuwezi kuyajibu mpaka tujue adhabu ziko za aina gani, kila moja ni haki ya nani, na imewekwa kwa lengo gani.

Aina ya kwanza: Hudud

Hadi ni adhabu iliyokadiriwa na sharia kwa kosa maalumu. Zinazotajwa na wanazuoni wote ni adhabu ya zinaa, ya kumsingizia mtu zinaa (qadhf), ya wizi, ya unyang'anyi wa kutumia nguvu (hiraba) na ya kunywa ulevi. Baadhi ya wanazuoni wameongeza nyengine. Kadhi hana uwezo wa kuzidisha wala kupunguza hadi iliyothibiti, na aliyeibiwa hawezi kuisamehe baada ya shauri kufika mahakamani, kwa sababu ndani yake mna haki ya Allah, yaani haki ya jamii nzima.

Safwan bin Umayya (R.A) aliibiwa nguo yake, mwizi akakamatwa na kufikishwa kwa Mtume (S.A.W). Ilipotoka hukumu, Safwan akamwonea huruma na kutaka kumsamehe. Mtume akamuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta. Hali kadhalika, mwanamke wa kabila la Makhzum alipoiba, Makureshi walimtuma Usama bin Zayd akamwombee kwa Mtume. Mtume (S.A.W) alikasirika, akaeleza kuwa waliotutangulia waliangamia kwa kuwaacha wakubwa wao na kuwaadhibu wanyonge, na kwamba hata binti yake Fatima angeiba, hukumu ingekuwa ile ile.

Lakini hadi ina milango mizito. Katika wizi, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, mali iliyoibwa lazima ifikie robo dinari, ambayo ni takriban gramu moja ya dhahabu, na iwe imechukuliwa kutoka mahali pa hifadhi yake, bila ya shubha yoyote ya umiliki au dharura. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A) hakukata mikono katika mwaka wa njaa, kwani njaa yenyewe ilikuwa shubha. Katika zinaa wanatakiwa mashahidi wanne walioona kwa macho. Na Maiz bin Malik alipokuja mwenyewe kukiri, Mtume (S.A.W) alimgeuzia uso mara baada ya mara na kumuuliza kama ana wazimu, akimpa nafasi ya kurudi na kutubia. Kwa ajili hiyo wanazuoni wamekubaliana kuwa hudud huondoshwa kwa shubha.

Aina ya pili: Kisasi na dia

Hizi ni adhabu za kuua na kujeruhi. Allah ameeleza katika Suratul-Baqara aya ya 178 na 179 kuwa kisasi kimefaradhishwa, kisha akaeleza kuwa ndani ya kisasi mna uhai. Anayejua kuwa akiua atauliwa, huzuia mkono wake, na hapo huhifadhika nafsi mbili: yake na ya yule aliyetaka kumuua.

Hapa haki kubwa ni ya warithi wa aliyeuliwa. Wao wana njia tatu: kudai kisasi, kuchukua dia, au kusamehe bila ya chochote. Dia kamili asili yake ni ngamia 100 au thamani yao. Na katika kuua kwa makosa, Suratun-Nisaa aya ya 92 imewajibisha dia pamoja na kafara ya kuacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Madereva wetu wanapaswa kulijua jambo hili: aliyegonga na kuua kwa uzembe wake, hata mahakama ikimtoza faini na kumwachia, bado ana kafara shingoni.

Hata warithi wakisamehe, haki ya jamii haifutiki. Imamu Malik anaona kuwa muuaji wa makusudi aliyesamehewa na warithi hupigwa mijeledi 100 na kufungwa mwaka mmoja.

Aina ya tatu: Taazir

Taazir ni kila adhabu ambayo sharia haikuiwekea kiwango, ikaachiwa mtawala na kadhi wapime kwa uzito wa kosa na hali ya mkosaji. Makosa mengi ya maisha ya kila siku yamo humu: rushwa, kughushi, utapeli, kupunja mizani, kutukana, kuwadhulumu wanyama, na makosa ya hadi ambayo sharti zake hazikutimia.

Taazir inaanzia kwenye nasaha na karipio. Inaweza kuwa kususwa, kama walivyosuswa Kaab bin Malik na wenzake wawili kwa siku 50 baada ya vita vya Tabuk. Inaweza kuwa kifungo. Gavana wa Sayyidna Umar huko Makka alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya ili iwe jela. Faini, wanazuoni wamekhitalifiana juu yake, na wengi wa zama zetu wanaikubali.

Kwa hiyo, kama tutatazama sheria za nchi yetu, tutaona kuwa sehemu kubwa ya adhabu zake zinaingia katika mlango huu. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara inataja kifo, kifungo, viboko, faini, kutaifishwa mali, kulipa fidia na kuweka dhamana ya kudumisha amani. Zaidi ya hizo ziko huduma kwa jamii na kuachiwa kwa masharti chini ya uangalizi. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, na Mahakama ya Kadhi inashughulikia ndoa, talaka, matunzo, mirathi na mfano wa hayo, haina mamlaka juu ya jinai.

Anayesema kuwa hukumu ya mahakama hizi haina maana yoyote mbele ya dini anakosea. Kumzuia dhalimu, kumrudishia mdhulumiwa haki yake na kulinda watoto ni mambo yanayotakiwa na sharia, na mwenye mamlaka akiyafanya kwa uadilifu, Muislamu anasaidia.

Makusudio ya adhabu

Wanazuoni wameeleza kuwa sharia inalinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Chini ya paa hilo, adhabu ina makusudio manne.

Kwanza ni kuzuia. Mkosaji asirudie, na mwengine aliyekuwa akishawishika aogope.

Pili ni kumpa mdhulumiwa haki yake na kupoza moyo wake. Jamii isipofanya hivyo kwa njia ya kadhi, watu watalipiza kwa mapanga, na damu moja itazaa damu kumi.

Tatu ni kusafisha. Katika hadithi ya Ubada bin Samit (R.A), iliyomo katika Bukhari na Muslim, aliyefanya kosa kisha akaadhibiwa duniani, adhabu hiyo huwa kafara yake. Ama haki za watu alizokula, hizo lazima azirudishe.

Nne ni kumrekebisha mkosaji. Thumama bin Uthal alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume (S.A.W) kwa siku tatu, akiwa anawaona Waislamu wanavyosali na kuamiliana. Mtume akaamuru afunguliwe. Akaenda kuoga, akarudi kusilimu. Sisi Zanzibar jela tunaiita Chuo cha Mafunzo, na walioko ndani huitwa wanafunzi. Jina hilo ni zuri, na ni amana: anayetoka humo apokewe kama aliyehitimu, apewe kazi na nafasi katika safu ya sala. Mtu mmoja aliyeadhibiwa kwa ulevi mara kadhaa alilaaniwa na baadhi ya Masahaba, Mtume (S.A.W) akawakataza wasimlaani, akashuhudia kuwa anampenda Allah na Mtume wake.

Nani mwenye haki ya kuadhibu?

Adhabu zote tulizozitaja hutekelezwa na mwenye mamlaka baada ya ushahidi na hukumu. Saad bin Ubada (R.A) alimuuliza Mtume (S.A.W) kama atamkuta mtu na mke wake, je, amwache mpaka alete mashahidi wanne? Mtume akamjibu kuwa ndivyo. Ikiwa sahaba mkubwa hakuruhusiwa kuwa polisi, kadhi na mtekelezaji kwa wakati mmoja, na jambo limetokea ndani ya nyumba yake, vipi kundi la vijana mtaani lililosikia tu ukelele wa "mwizi"?

Wale wanaoandikwa magazetini kuwa ni wananchi wenye hasira kali, katika sharia ni wauaji. Aliyeiba kuku au simu hakuhalalisha damu yake. Kila aliyeshiriki kupiga mpaka mtu akafa anabeba dhima ya nafsi hiyo, ingawa mkono wake ulikuwa mmoja kati ya mia. Wajibu wetu ni kumkamata, kumlinda asiuawe, na kumpeleka kituo cha Polisi.

Suluhu ya nyumbani katika udhalilishaji

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya kijana aliyekuwa kibarua kwa mtu, akazini na mke wa tajiri wake. Baba wa kijana akaambiwa mwanawe atapigwa mawe, akafanya suluhu kwa kutoa kondoo 100 na mjakazi. Walipofika mbele ya Mtume (S.A.W), aliamua kuwa kondoo na mjakazi warudishwe kwa mwenyewe, na kijana apigwe mijeledi 100 na ahamishwe mji mwaka mmoja. Pande zote mbili zilikuwa zimeridhia, lakini Mtume aliibatilisha suluhu ile.

Ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya watu wazima wawili waliofanya kwa hiari, itakuwaje kwa mtoto aliyelazimishwa? Pesa zinazopokewa na mzazi ili anyamaze si dia wala fidia ya halali. Ni malipo ya kuficha dhulma. Mzazi ni mlinzi wa haki ya mwanawe, si mwenye kuiuza. Kumwozesha msichana kwa aliyemharibu ili kufuta aibu ni kumwadhibu aliyedhulumiwa.

Wapo wanaosema: leteni mashahidi wanne, la sivyo nyamazeni. Huku ni kuiweka hukumu pasipo mahali pake. Mashahidi wanne ni sharti la kusimamisha hadi ya zinaa. Kukosekana kwao kunaondosha hadi, hakuondoshi taazir. Alama za mwilini, ripoti ya daktari na kipimo cha vinasaba ni dalili ambazo kadhi anaweza kuzitegemea katika taazir. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 16 mjini Makka mwaka 2002, lilipitisha kuwa vinasaba vinaweza kutumika kama ushahidi katika makosa yasiyo na hadi wala kisasi. Bali Ibnul-Arabi, mwanazuoni wa madhehebu ya Maliki, aliuhesabu ubakaji kuwa ni katika hiraba, na akawakemea waliodhani kuwa hiraba ni ya mali tu.

Na aliyebakwa hana dhambi. Imepokewa katika Tirmidhi na Abu Daud kuwa mwanamke aliyeshambuliwa akielekea kusali aliambiwa na Mtume (S.A.W) aende zake, Allah amemghufiria. Hakuulizwa alivaa nini wala kwa nini alitoka.

Tunachowausia wazazi ni hiki. Mtoto akikwambia, msikilize na umwamini mpaka jambo lichunguzwe. Usimwogeshe wala usifue nguo zake. Mpeleke upesi hospitali kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, na utoe taarifa Polisi. Ukiitwa mahakamani, nenda. Kesi ngapi zimefutwa kwa sababu shahidi aliona muhali kumtaja ami yake, jirani yake au ustadhi wa madrasa? Katika Suratun-Nisaa aya ya 135 Allah ametuamrisha tusimamie uadilifu na ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu. Na kuficha ushahidi, kama ilivyo katika Suratul-Baqara aya ya 283, ni dhambi ya moyo. Sheha anayeandaa kikao cha suluhu, mzee anayebeba bahasha na imamu anayekuja kuomba dua ya kufunga mazungumzo, wote wana hesabu yao.

Hata hivyo mtuhumiwa naye ana haki. Asihukumiwe kwa uvumi, jina lake lisitangazwe kwenye makundi ya simu kabla ya hukumu, wala asipigwe. Uadilifu ukikosekana kwa mtuhumiwa, hautapatikana kwa mdhulumiwa.

Kusamehe ni katika tabia njema za Muislamu, lakini husamehe mwenye haki, kwa ridhaa yake, katika haki inayosameheka. Kinachofanyika kwa kuoneana haya, kwa hofu ya kuvunjika ukoo au kwa bahasha ni muhali, na muhali hauwi msamaha kwa kubadilishiwa jina.

Tunamwomba Allah awahifadhi watoto wetu, awaongoze mahakimu na makadhi wetu kwenye haki, na atujaalie kuwa mashahidi wa kweli. Wallahu aalam.